Faini Niliyomwandikia Dereva

Kosa langu kubwa la mwanzo, nikiwa na miaka ishirini na miwili, lilikuwa hili: nilifungua ukurasa mpya kwenye leja ya tajiri wangu, nikaandika juu yake jina la dereva, na chini ya jina hilo nikaanza kuorodhesha faini za kuegesha lori mahali pasiporuhusiwa. Mwandiko ulikuwa mzuri na mistari ilinyooka. Hakuna aliyenituma.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi ya vitabu vya hesabu, hasa mliojifundisha wenyewe kama mimi. Kila mwaka, siku za kufunga hesabu zikikaribia, huja mmoja wenu nyumbani kwangu hapa Ifakara, anatoa shikamoo, anakunywa chai, halafu anauliza: "Mzee, faini ya maegesho naweza kuiweka kwenye gharama za biashara?" Jibu fupi ni kwamba kwenye hesabu ya kodi huwezi. Lakini jibu hilo fupi nilipewa mimi pia, nikaondoka nalo mbio kabla halijaisha, na kuna watu walioumia. Kwa hiyo leo nawapa lile refu.

Kazi nilijifunza kwenye kitabu kimoja cha utunzaji wa hesabu alichoniachia binamu yangu, aliyekuwa karani kwenye mashamba ya miwa. Kilikuwa hakina sura tatu za mwanzo. Mtu alikwisha kuzichana akafungia karanga. Nilianzia sura ya nne, debiti na krediti, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hapo ndipo kazi inapoanzia. Miaka mingi baadaye nilikutana na kitabu kizima cha aina ile. Zile sura za mwanzo zilieleza hesabu zinaandikwa kwa ajili ya nani.

Sikuwa na cheti, na kukosa cheti kulinifanya niogope kila kitu. Nilijumlisha kutoka juu mara tatu na kutoka chini mara tatu. Tone la wino likidondoka, ukurasa mzima niliunakili upya. Nilikuwa na rula ya chuma ambayo sikumwazima mtu. Mwajiri wangu, Mama Sikitu, mfanyabiashara wa mpunga mwenye stoo pale Mlabani, alikuwa mjane aliyekuja bonde hili na mumewe kutoka Kilosa, na sauti yake ilikuwa inafika barabarani kabla yake. Siku moja alisimama katikati ya stoo ameshika leja ya tatu kununuliwa ndani ya miezi minne.

"Sevrini," aliniambia, "unaandika hesabu au unafuma kitambaa cha meza?"

Makuli walicheka mpaka mmoja akaweka gunia chini. Mimi nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya stoo kukagua kama kweli mistari yangu ilikuwa imezidi.

Dereva wa lori la Mama Sikitu aliitwa Otmari. Alikuwa mtu wa upande wa Mahenge, umri wa baba yangu mdogo, mpole, anayeendesha ameinamia usukani kama mtu anayeusikiliza. Sisi vijana tulimwita Baba Eliza, kwa jina la binti yake mkubwa. Wakati huo alikuwa anajenga nyumba Katindiuka. Kuta zilikwisha simama, za tofali zilizoshikizwa kwa tope, na kilichobaki kilikuwa bati. Kila mwisho wa mwezi alinunua mbili na kuzihifadhi chumbani kwa kaka yake, Gaspari. Alitaka zifike ishirini na nne kabla ya mvua kubwa, kwa sababu kuta za tope zisizo na paa hazimalizi masika ya bonde letu zikiwa zimesimama. Jambo hilo kila mtu pale stoo alilijua. Kila Ijumaa makuli walimuuliza, "Baba Eliza, bati ngapi?" naye aliitaja idadi kwa sauti ya mtu anayeulizwa hali ya watoto wake.

Sasa mtauliza ni lini mtu mwema kama huyo alipata muda wa kuvunja sheria. Nitawaambia.

Stoo ilitazamana na barabara ya soko. Katika miaka ile ya tisini halmashauri ilipiga marufuku malori kusimama pale. Yalitakiwa yashushe mzigo kwenye uwanja wa nyuma ya soko, mwendo wa kama viwanja viwili vya mpira. Makuli nao wana utaratibu wao. Gunia la kutoka mlangoni lina bei yake, na la kutoka uwanjani bei yake inakaribia mara mbili. Mama Sikitu alipiga hesabu kichwani, bila kalamu, akaona faini ya lori moja ni ndogo kuliko nyongeza ya makuli kwa magunia ya lori zima.

"Rudisha nyuma mpaka mlangoni," alimwambia Otmari.

"Mama, mgambo yule pale ananitazama."

"Atazame. Magunia yangu yana miguu?"

Otmari alirudisha nyuma. Mgambo wa halmashauri alikuja polepole, hana haraka, akafungua kitabu cha stakabadhi juu ya tairi la akiba.

"Jina?"

"Si unalijua," alisema Otmari. Walikuwa wanakaa kanisani benchi moja.

"Mimi nalijua. Hiki hakilijui," alisema mgambo, akigonga kitabu.

Basi stakabadhi ikatoka kwa jina la aliyekuwa kwenye usukani. Fedha alitoa Mama Sikitu kwenye khanga yake, papo hapo, na mgambo akaaga vizuri. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila wiki ya mavuno. Mwaka wa kwanza nilizibandika stakabadhi zote kwenye faili na kuziingiza kwenye gharama za usafirishaji, pamoja na dizeli na nauli ya kivuko. Sikuona tofauti.

Tofauti nilionyeshwa na ofisa wa kodi aliyetoka Morogoro kukagua. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye penseli nyekundu nyuma ya sikio. Alipofika kwenye faini alisimama.

"Hizi nini, kijana?"

"Faini za kuegesha, mzee."

"Kwa hiyo mmevunja sheria, mmeadhibiwa, halafu mnataka kodi ipungue kwa sababu mmeadhibiwa?" Alicheka. "Hapo serikali itakuwa inawachangia kuvunja sheria. Ushuru wa kuegesha, ule unaolipa ili uruhusiwe kusimama, huo niletee, nitaukubali. Faini siyo gharama."

Akapiga mstari mwekundu juu ya namba zangu. Haukuwa hata mstari ulionyooka.

Mnaweza kucheka. Juma zima sikula vizuri. Nilifungua ukurasa ule mara kwa mara kuutazama, kama mtu anayegusa jino bovu. Ofisa alikuwa amesema sawasawa, na maneno yale kwa kazi yake yalikuwa kamili: yeye alikuwa anazungumzia kodi. Mimi nilisikia kwamba faini haina ruhusa ya kuonekana popote kwenye vitabu vya biashara. Nikajiuliza: kama siyo ya biashara, ni ya nani? Nikachukua stakabadhi moja. Jina lilikuwa pale, kwa mwandiko wa mgambo.

Mwaka uliofuata nikafungua ukurasa wa Otmari.

Nilimwambia Mama Sikitu wakati anabishana na mwenye mashine ya kukoboa kuhusu pumba. "Mama, yule ofisa alisema faini siyo gharama ya biashara. Nimeziweka kwa aliyetajwa kwenye stakabadhi, zitakatwa kidogo kidogo."

"Kama ndivyo kitabu kinavyotaka, mimi nitajuaje?" alisema bila kugeuka. "Weka. Wewe ndiye msomi wangu."

Neno lile la msomi lilinitosha. Sikumuuliza mara ya pili.

Siku ya mshahara nilimwita Otmari mezani. "Shikamoo, Baba Eliza."

"Marahaba, mwanangu."

"Mshahara umepungua kidogo mwezi huu. Ni zile faini. Haziwezi kukaa kwa Mama."

"Zikae kwangu?"

"Jina lililoandikwa ni lako."

Nilimgeuzia leja aone. Aliutazama ukurasa muda mrefu. Alikuwa anajua kusoma, na nadhani kuliona jina lake limeandikwa vizuri namna ile, kwa wino mweusi, lenye mstari chini yake, kulimfanya aamini. Halafu akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mama anasema rudi nyuma, mgambo anasema ondoka, wewe unasema lipa. Na lori lenyewe linasema betri imekufa. Nimsikilize nani?"

Stoo nzima ilicheka. Akacheka na yeye, akatia sahihi. Mwezi ule alinunua bati moja.

Mara moja alijaribu kushusha kule uwanjani. Mama Sikitu alimfuata huko huko akipiga kelele kwamba makuli watamfilisi, na safari iliyofuata akarudi mlangoni. Faini zikaendelea. Mimi sikumkata zote kwa pamoja, maana mshahara ungekwisha. Nilikata sehemu, na iliyobaki ikawa deni linalosogea kutoka mwezi hadi mwezi chini ya ukurasa. Niliona huo ni uungwana. Ijumaa moja makuli walimuuliza, "Bati ngapi?" akataja idadi ileile aliyoitaja mwezi uliopita. Hawakumuuliza tena baada ya hapo.

Naomba niwaambie kuhusu Mzee Burkadi. Alikuwa mhasibu mstaafu aliyehamia Mang'ula, karibu na stesheni, akifuga nyuki. Mtu aliniambia kwamba hupenda kuwasaidia vijana. Mwezi wa kumi nilipanda treni na leja yangu imefungwa kwenye gazeti, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mkoba. Nitasema ukweli: sikwenda kujifunza. Nilikwenda kusifiwa.

Alivaa miwani, akafungua taratibu. "Mwandiko mzuri," alisema. Nikafurahi. Akafungua zaidi. "Huyu Otmari ni mteja?"

"Ni dereva, mzee. Ni faini zake za kuegesha."

"Aliegesha kwenye shughuli zake?"

"Hapana. Alikuwa anashusha mpunga wa Mama."

"Nani alimwambia aegeshe pale?"

"Mama."

"Na kwa kuegesha pale nani aliokoa fedha ya makuli?"

Nyuki walikuwa wanavuma nyuma ya nyumba. Nikasema kwa sauti ndogo, "Lakini ofisa alisema faini siyo gharama."

"Siyo gharama ya kupunguzia kodi." Alivua miwani. "Sikiliza. Vitabu vya Mama vinaeleza yaliyoipata biashara ya Mama. Faini iliipata biashara yake, kwa amri yake, kwa faida yake. Unaiandika humo humo, kwenye ukurasa wake wa faini, isichanganyike na dizeli. Ukifika kwenye karatasi ya kodi, unachukua faida ya mwaka, unairudishia ile faini juu yake, ndipo kodi inapigwa. Mstari mmoja. Mama anabeba faini na anabeba kodi yake. Huyu dereva ameingiaje?"

"Kwa stakabadhi, mzee."

"Stakabadhi inasema nani alikuwa kwenye usukani. Haisemi nani abebe. Kama angekuwa amelewa akaegesha mlangoni kwa watu, au amelichukua lori kwenda harusini, hapo mngekaa mkazungumza, na hata hapo ni mwajiri na mfanyakazi wazungumze, siyo karani aamue. Umemkata mara ngapi?"

"Mara tano."

"Mrudishie. Kesho."

Hilo, vijana wangu, ndilo jibu lote la swali mnaloniuliza. Lichukueni. Mngeweza kuishia hapa kusoma. Mimi sikuweza kuishia hapo.

Kwa sababu kesho yake sikumrudishia. Nilirudi stoo, nikafungua leja, nikaona kwamba nikisahihisha katikati ya mwaka itabidi nipige mistari juu ya miezi mitano ya mwandiko wangu mzuri na kujaza maelezo pembeni. Mwaka ulikuwa umebakiza miezi miwili na ushee. Nikaamua nisubiri kufunga hesabu. Mwisho wa Desemba ningeandika ingizo moja safi la kurekebisha, ukurasa ungejifunga wenyewe, na fedha zote ningemkabidhi Otmari kwenye bahasha. Nilianza hata kuifurahia sura atakayokuwa nayo. Nilikwisha andika maneno ya ingizo lile kwenye karatasi ya pembeni, nikiyachagua. Sikumwambia chochote, kwani nilitaka nimwambie siku ambayo kila kitu kimekamilika.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo sikulisema kwa miaka mingi. Mwisho wa Oktoba nilimkata tena. Nilijua kwamba siyo deni lake, na nilimkata, ili safu isiwe na pengo.

Katikati ya Novemba Otmari alirudi kutoka kivukoni na homa. Alishuka kwenye lori akaliacha likiwa limewashwa, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Siku ya nne alifariki.

Tulizika Katindiuka. Nyumba yake isiyo na paa ilikuwa inaonekana kutoka makaburini, na watu wengi walikaa ndani ya kuta zile kukwepa jua, wakiegemea tofali. Mnajua utaratibu wa misiba yetu. Baada ya udongo na maua, Gaspari alisimama kwa niaba ya familia, akashukuru, kisha akasema maneno yanayosemwa siku zote: kama kuna mtu anamdai marehemu, au marehemu anamdai, aje aonane na familia.

Kawaida msemaji hukaa hapo. Gaspari hakukaa.

"Deni moja tunalijua," alisema. "Alituambia mwenyewe akiwa kitandani. Ni la kazini, faini za lori. Hilo tutalimaliza sisi, ili ndugu yetu apumzike."

Watu waligeuka kumtazama Mama Sikitu, aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake. Aliinamisha uso. Mimi nilikuwa kwenye benchi, kati ya makuli wawili. Nilisikia vizuri sehemu ile ya pili, "au marehemu anamdai", na nilijua kwamba mwenye jibu lake ni mimi peke yangu pale. Nilijiambia kwamba siwezi kusimama kwa sababu sina leja, sijui kiasi kamili. Nilikuwa nakijua mpaka senti.

Baada ya siku tano walikuja stoo, Gaspari na Mama Eliza, mjane. Walikuwa wameuza bati. Zilikuwa zimefika kumi na tisa, na aliyezinunua alitaka zote au aache. Gaspari aliweka fedha mezani kwangu.

"Gaspari, kaa kwanza," alisema Mama Sikitu. "Pole, Mama Eliza. Deni gani hili linalowahangaisha? Sevrini, lipo?"

"Lipo, Mama," nilisema.

"Basi mimi nimeliacha. Chukueni fedha zenu mkawalishe watoto."

"Tunashukuru, Mama," alisema Gaspari. "Lakini limetajwa kaburini, mbele za watu. Hatuwezi kurudi nyumbani tukasema tumesamehewa. Marehemu mwenyewe asingetaka."

Mama Eliza hakuzitazama fedha. Alikuwa anatazama leja. Nilihesabu fedha mara tatu kama kawaida yangu, nikaandika stakabadhi, nikaweka mstari wa kufunga chini ya ukurasa wa Otmari. Mstari ulinyooka kama siku zote. Hilo nalo ni jambo ambalo siwezi kulieleza.

Tarehe ya mwisho ya mwaka niliandika ingizo langu la kurekebisha. Jumla ya kushoto na ya kulia zilikutana, mara ya kwanza tu kupiga. Siku zote nilikuwa naisubiri raha ile, namba mbili zinapofanana chini ya ukurasa. Siku ile nilifunika leja na kutoka nje. Ijumaa ya kwanza ya Januari nilimwambia Mama Sikitu yote: Mang'ula, Mzee Burkadi, makato ya Oktoba.

Aliniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Siku ile walipokuja, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nikakuuliza lipo. Ukasema lipo."

"Kitabuni lilikuwepo, Mama."

"Sikuuliza kitabu, Sevrini. Niliuliza deni."

Alikaa kwenye gunia. Akasema, "Na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele arudishe nyuma." Halafu akahesabu: makato yote, na fedha za bati, na juu yake akaongeza za kwake. Akazifunga kwenye kitambaa. "Peleka mwenyewe. Usimtume mtu."

Nilikwenda Katindiuka. Mvua za Desemba zilikuwa zimeangusha ukuta wa mbele, na wa pembeni umeinama. Jirani aliniambia Mama Eliza amevuka mto na watoto, amerudi kwao. Nikavuka kwa kivuko, nikatembea. Nilimkuta shambani na mama yake wanapalilia mpunga, Eliza akiwa kando amembeba mdogo wake.

Nilimsalimia, nikasema niliyokuwa nimeyakariri njia nzima, nikamkabidhi kitambaa. Hakukifungua. Alikichomeka kiunoni, akaendelea kushika jembe.

"Kila mwezi ulipomkata," alisema, "alikuwa anakaa ananiuliza, 'Mama Eliza, mimi nimekosea wapi?' Namwambia, si Mama ndiye anayekutuma? Ananiambia, 'Kama nisingekuwa nimekosa, isingeandikwa.' "

Nikasema nisamehe. Alipiga jembe mara mbili.

"Deni lilisemwa mbele za watu," alisema. "Na hili ukaliseme mbele za watu. Siyo hapa, huku hawakusikia. Kule walikosikia."

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye sala ya jumuiya ya kanisa Katindiuka, alasiri, nyumbani kwa mtu, watu kama thelathini. Gaspari alinipa nafasi baada ya sala. Mimi ni mtu ambaye mpaka leo siwezi kuomba chenji ya nauli bila kuifikiria kwanza. Nilisimama nimeshika mgongo wa kiti. Nilisema: "Marehemu Otmari hakuwa na deni. Faini zilikuwa za biashara, alitumwa. Niliandika vibaya. Nikaambiwa nimekosea, nikajua, nikaendelea kumkata. Na siku ya mazishi nilikuwepo, nikanyamaza."

Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango aliuliza, "Kwa hiyo zile bati ziliuzwa bure?"

"Ziliuzwa bure, bibi."

Kisha Gaspari akasema, "Tumesikia," akachukua daftari na kusoma majina ya waliotoa mchango wa mwezi. Hakunipa mkono siku ile. Miaka iliyofuata tulisalimiana barabarani kama watu wote, naye hakulitaja tena, wala mimi.

Mama Eliza hakurudi Katindiuka. Kiwanja kiliuzwa masika ile ile, kuta zikiwa chini.

Nilibaki kwa Mama Sikitu miaka saba zaidi. Alinikataza kuacha kazi. Alisema karani mwingine atakuja kukosea kosa hilihili upya. Kuanzia mwaka ule alishusha magunia yake uwanjani na kuwalipa makuli bei yao, akilalamika kila siku.

Yamebadilika mengi tangu hapo. Sheria ya kodi ya sasa inaitaja faini waziwazi: ukiilipa kwa serikali kwa sababu ya kuvunja sheria, haikupunguzii kodi. Siku hizi tiketi ya maegesho hutoka kwa namba ya gari, bila kumtaja aliyekuwa kwenye usukani. Katika vitabu nilivyofunga mimi tangu mwaka ule, faini inaandikwa kwa mwenye biashara aliyetoa amri, inarudishwa kwenye hesabu ya kodi, na kosa likionekana linasahihishwa siku hiyohiyo, hata kama ni katikati ya mwezi. Hakuna dereva mwingine niliyemkata.